Zamu ya Maji na Bastola ya Mzee Kadeghe

Hapo zamani, wakati redio ya nyumbani bado ilivalishwa kitambaa kilichodariziwa na hakuna aliyeigusa ila mwenye nyumba, aliishi katika milima ya Upare mzee aliyeitwa Mrutu. Nyani walimmalizia mahindi. Aliweka sanamu shambani, nyani wakalivua kofia. Alipiga debe, nyani wakasogea kusikiliza. Basi akaamua kununua bastola.

Mzee Mrutu alikuwa na udhaifu mmoja: akikipenda kitu, hukinunua kwanza akakikagua baadaye. Ndivyo alivyompata punda kiziwi. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Kwa hiyo siku moja, akiwa kati ya jamaa zake ameshika kata ya dengelua, ile pombe ya miwa, alisema:

"Nakwenda kwa Kadeghe kutazama bastola. Atakayeniokoa na hasara, awe nani awaye, zamu yangu ya maji ya asubuhi ni yake mpaka masika."

Katika ukoo ule, neno lililotamkwa na mtu aliyeshika kata halirudishwi. Na zamu ya asubuhi haikuwa jambo dogo. Maji ya mfereji yalikusanywa usiku kucha katika ndiva, yaani bwawa la ukoo, na kizibo kikatolewa alfajiri. Mwenye zamu ya asubuhi alipata maji. Mwenye zamu ya alasiri alipata tope na vyura.

Mwenye zamu ya alasiri alikuwa Namkunda, binti yake mjane. Tangawizi yake ilikuwa imeanza kugeuka manjano, na ikifa, hangekuwa hata na mbegu ya kupanda tena. Aliposikia ahadi ile aliweka ungo chini.

"Baba, tutakwenda wote."

"Wewe unajua nini habari za bastola?"

"Sijui chochote. Lakini nakujua wewe."

Alikuja pia Elihuruma, mpwa wa mzee, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori na hakumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo.

Mzee Kadeghe, bwana misitu mstaafu, aliwakaribisha barazani kwa chai ya tangawizi, na Mzee Mrutu akaisifu. Bastola ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe: ya zamani, ya silinda, mtutu wake mfupi kama kidole gumba. Kibali cha polisi Mzee Mrutu alikuwa nacho. Ilibaki waafikiane, kisha wakaiandikishe kituoni.

"Tazama inavyong'aa," alisema Kadeghe. "Nataka mtamba mmoja wa ng'ombe tu."

Mzee Mrutu aliitazama jinsi mtu anavyomtazama mjukuu wa kwanza. Namkunda alipoona macho yale, alimkumbuka yule punda kiziwi.

"Tupisheni," alisema Elihuruma. Alifungua silinda, akawaonyesha wote kwamba haina risasi, akachungulia mtutu kuelekea kwenye mwanga. Akaifunga, akavuta nyundo yake nyuma, akaitikisa silinda kwa vidole viwili. Ilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mjomba, silinda imelegea. Tundu la risasi halikai sawa na mtutu. Skrubu zimeliwa vichwa; mtu amezifungua kwa kisu cha jikoni. Na huu mng'ao ni rangi, chini yake kuna kutu."

Mzee Kadeghe alikohoa. "Basi nipe mbuzi jike."

Hapo Elihuruma alikunja mikono akingoja kupongezwa. Lakini uso wa Mzee Mrutu ulichanua. "Kutoka mtamba mpaka mbuzi! Mpwa wangu, umenisaidia sana. Naichukua."

"Mjomba, sikusema uichukue."

"Kwa mbuzi, hata silinda mimi nitaishikilia kwa mkono."

Namkunda akaingia kati. "Mzee Kadeghe, shikamoo tena. Nyani ulimpiga akiwa mbali kiasi gani?"

"Nyani sijampiga."

"Ulipiga nini?"

"Kibuyu, pale uani."

"Ukakipata?"

"Kilianguka."

"Kwa risasi?"

Mzee Kadeghe alitazama mlima wa pili. "Kwa mshtuko."

"Baba, umesikia? Mtutu huo ni wa kumpiga mtu mliyeshikana naye mashati. Nyani wako hukaa ng'ambo ya korongo akila muhindi wako huku anakutazama."

Mzee Mrutu alifikiri. Alifikiri kwelikweli. Kisha akasema, "Kama kibuyu kilishtuka, nyani atashtuka zaidi," akanyoosha mkono.

Kabla mkono haujafika, mke wa Kadeghe, Bi Nanzia, alitokea jikoni na kinu kidogo kwapani.

"Samahani, shemeji. Chai ya pili."

Akaichukua bastola, akaishika mtutu, akaponda tangawizi kwa kitako chake, tap, tap, tap, akaifuta kwa kanga, akairudisha juu ya kitambaa.

Mzee Mrutu aliitazama bastola, akakitazama kikombe chake.

"Na hii niliyokunywa?"

"Imepondwa na hiyohiyo. Si umeisifu? Mkiichukua, mniletee jiwe zuri. Tangu mume wangu astaafu, haijatoka jikoni ila leo."

Namkunda alitaka kucheka, akajizuia, maana alimjua baba yake. Naam, aibu ilimpanda mzee, na aibu ilimfanya mkaidi. "Nimesema naichukua, naichukua. Mbuzi atakuja jioni."

Ndipo Mzee Kadeghe alipoivuta bastola upande wake. "Sikuuzii. Nikikuuzia sasa, kila tukikutana mferejini utaniita muuza pondeo. Nenda nyumbani, bwana."

Hivyo Mzee Mrutu alirudi bila bastola, na mbuzi wake akabaki zizini.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na majembe manne kando ya ndiva.

"Ni mimi niliyeona ubovu," alisema Elihuruma. "Bila mimi angelipa mtamba."

"Na kwa sababu yako alizidi kutaka kuinunua," alisema Namkunda. "Mimi ndiye niliyetaka aikatae hata kama ni nzima."

"Na alikusikiliza?" aliuliza Bi Nanzia. "Mimi sikusema mengi. Niliponda tu."

"Ulikuwa unaokoa pondeo lako, Bi Nanzia, si baba yangu."

"Ahadi haikuuliza nilikuwa nawaza nini."

Mzee Kadeghe aliegemea jembe lake. "Nyote mlisema, na bado alinunua. Mbuzi alikuwa wangu tayari. Aliyekataa ni mimi."

"Ulikataa hasara uliyoileta mwenyewe," alisema Namkunda. Kutoka pale aliiona tangawizi yake, imelaza majani.

Wote wakamgeukia Mzee Mrutu. Alikuwa ameshika kizibo cha ndiva kwa mikono miwili. Ng'ambo ya korongo nyani walikuwa wameketi kwa mstari, wakila mahindi yake na kusubiri kama watu wengine.

Nanyi mliosikia, msimwachie mzee peke yake, maana maji yanajaa na jua linapanda. Aliyeuona ubovu, aliyeuliza habari za nyani, aliyeponda tangawizi, na aliyekataa kuuza: je, kizibo kikitoka, maji yaelekezwe shamba la nani?