Kichupa cha Wageni

Nimeletewa hadithi hii leo na mtu anayezijua vizuri ofisi zetu. Isome mpaka mwisho, kisha mtumie bosi wako, kama ujasiri unao.

Palikuwa na mtaalamu wa maabara aitwaye Namsifu. Kwa miaka minne alihangaika na kitu kimoja tu: protini ya binadamu inayovunja mafuta kwenye damu. Hakuichukua kwa mtu. Alipandikiza jeni ya binadamu kwenye seli, akazilea seli zile kama mtu anavyolea vifaranga, nazo zikamtengenezea. Mwisho wa jasho lote alipata matone machache, hayajazi hata kijiko cha chai.

Hakutafuta sifa. Mdogo wake, Nakijwa, alizaliwa bila protini hiyo. Damu yake ikitolewa ilikuwa na weupe kama chai ya maziwa, na kila baada ya miezi michache tumbo lilimlaza hospitali. Wafadhili walikuwa wameshatamka: jaribio moja mbele yetu likifaulu, tunaendelea mpaka kwa wagonjwa, likishindwa, tunafunga.

Sasa, protini hii ina tabia yake. Hukaa kwenye friza yenye baridi kali mno. Ikiyeyuka na kugandishwa tena mara kadhaa inakufa, na kwa macho huwezi kujua.

Mkuu wa maabara, Profesa Lukindo, alikuwa mtu wa wageni. Akija mheshimiwa, kichupa chenye lebo ya dhahabu aliyoibandika mwenyewe kinatolewa. Akija mwandishi wa habari, kichupa kinatolewa. Kinapita mkono kwa mkono, watu wanapiga nacho picha, kisha kinarudishwa kwenye friza.

"Profesa, tutaiua hii," Namsifu alimwambia.

"Bi Namsifu, mbona iko vilevile? Wageni wanataka kuona kitu. Usiniaibishe."

Alisema mara tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe asiposikia, guu linalovunjika ni la nani? Mara ya nne, mwaka mmoja kabla ya jaribio, Namsifu hakusema. Akakijaza maji ya chumvi kichupa kingine, akakibandika ile lebo ya dhahabu ya Profesa. Protini yenyewe akaigawa kwenye vichupa vitano vidogo, akaviandika herufi mbili kwa kalamu, akavificha chini kabisa ya friza. Hakumwambia mtu. Aliogopa kufukuzwa. Alijiambia siku ya jaribio atavitoa mwenyewe, nani atajua?

Siku mbili kabla ya jaribio, Nakijwa alizidiwa. Namsifu akaomba ruhusa, akaenda kumuuguza.

Aliporudi asubuhi ya jaribio, maabara ilikuwa inang'aa na wafadhili wameshakaa. Profesa alimpokea kwa tabasamu.

"Pole na mgonjwa. Usiwe na wasiwasi, kila kitu nimeandaa mwenyewe. Hata friza nimeisafisha, ilijaa takataka. Vichupa havina hata lebo!"

"Viko wapi, Profesa?"

"Vimeteketezwa jana na taka nyingine. Kwani vilikuwa vya nini?"

Namsifu alifungua friza; chini kabisa palikuwa patupu. Kabla hajajibu, Profesa alishawageukia wafadhili. Profesa akakiinua kichupa chenye lebo ya dhahabu, akangoja apigwe picha, ndipo akadondosha matone kwenye mafuta. Walisubiri saa nzima. Mafuta hayakubadilika hata kidogo.

Wageni walipoondoka, Namsifu alimfuata ofisini akamweleza yote, huku analia.

Profesa alisema polepole, "Waambie wafadhili, basi. Ila waambie pia kwamba umenidanganya mwaka mzima. Halafu tuone watamwamini nani."

Namsifu aliwaandikia wafadhili. Hawakumjibu. Ripoti ilisema protini haifanyi kazi, na maabara ikafungwa. Profesa Lukindo alipandishwa cheo, akapewa ofisi kubwa zaidi.

Nakijwa alikuwa bado kitandani.

"Dada, imefanya kazi?"

"Bado, mdogo wangu."

Kweli ilimshinda kutamka. Alitoka nje akalia mpaka kichwa kikamuuma, kwa sababu protini ile ilikuwa nzima mpaka siku ilipoteketezwa, na hapakuwa na wa kumwamini.

Funzo: Ukimwogopa mkubwa asiyesikia ukamficha ukweli ili asiiharibu kazi yako, ataitupa kwa mikono yake mwenyewe, na siku utakayotaka kusema, hutakuwa na wa kukuamini.