Tangazo la Kichwa Changu

Nilikuwa nikitangaza mtandaoni mafuta ya kukuza nywele ya tajiri Mbaruku, nipate kamisheni kwa kila anayenunua kupitia kiungo changu. Niliandika beti zenye vina na mizani. Aliyebonyeza kiungo ni mama yangu tu, tena kwa bahati mbaya. Nikajipaka mwenyewe kichwani ili niwe ushahidi. Nywele zote zikapukutika.

"Mshairi, unang'aa kama sufuria ya harusi!" Mbaruku alinicheka ghalani kwake, kati ya maboksi ya mafuta. "Maboksi haya yasipoisha kufikia Ijumaa, nakifuta kiungo chako. Na ole wako uyaseme vibaya mafuta yangu!"

"Nitayasifu, bosi. Niweke picha zangu?"

"Weka hata za babu yako!"

Nikaweka mbili, moja nina nywele tele, nyingine kipara. Chini yake niliandika maneno machache, bila kina hata kimoja. Alhamisi ghala lilikuwa tupu. Mbaruku akapiga simu.

"Wewe, mbona kina mama wananishukuru kwa miguu laini? Uliandika nini?"

"Sifa tupu, bosi. 'Mafuta haya yanaondoa nywele bila wembe. Tazameni kichwa changu.'"