Matanga ya Jumbe Mzima

Paukwa!

Pakawa!

Siwasikii! Nyie wa huko nyuma midomo imejaa mihogo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Pakawa na mkubwa na mdogo, mmoja ana nchi, mwingine ana shimo, na mimi nikawa pembeni nasikiliza. Sikilizeni na nyie.

Fuko alikuwa mdogo, macho hayaoni mbali, lakini kucha anazo. Kwao ng'ambo ya mto siafu walivamia, wakamaliza nyumba baada ya nyumba. Fuko akamwambia mkewe, "Twende." Akachimba. Kwara, kwara, kwara! Akachimba siku saba, akapita chini ya mto, akatokea nchi ya Jumbe Kiboko. Huko juu kulikuwa na mpaka na walinzi. Huko chini, jamani, kulikuwa na udongo tu. Akajenga, mkewe akajifungua watoto wanne, hata macho walikuwa hawajafumbua.

Sasa nchi hiyo ilikuwa na sheria: kila mgeni awe na cheti, na cheti kiwe na muhuri wa Jumbe. Fuko hakuwa nacho. Kila akisikia miguu ikipita juu ya dari yake, moyo unakwenda du! du! du!

Na huyo Jumbe Kiboko, alikuwa mlafi, Mungu atuepushe. Ana ghala la maboga limejaa mpaka juu, raia zake njaa inawauma, na hagawi hata mbegu. Akishiba ya kwake, anakwenda kula ya watu. Siku moja, mchana kweupe, akaingia shamba la viazi la wenyewe, ananyata, na mwili ule! Kumbe wenye shamba wamechimba shimo, wakalifunika kwa majani. Puuu! Jumbe chini.

Akapiga kelele siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu sauti imemkauka, anasema tu, "Nakufa, jamani, nakufa." Hakuna aliyemsikia ila Fuko, maana Fuko husikia kwa udongo.

"Baba watoto," mkewe akasema, "ukitoka utaonekana."

"Najua."

"Ukionekana tutafukuzwa."

"Najua, mke wangu. Lakini kuna mtu analia pale, nitalalaje mimi?"

Akachimba. Kwara, kwara, kwara! Akatokea ubavuni mwa shimo.

"Nani wewe?" akauliza Kiboko.

"Fuko, Jumbe wangu."

"Una cheti?"

"Sina."

"Basi hayo tutazungumza baadaye. Chimba! Ukinitoa nitakupa cheti, nitakupa na boga!"

Fuko akachimba mteremko mpana, kucha zikatoka damu. Jumbe akapanda nao, pu, pu, pu, akaenda kunywa mto nusu.

Kesho yake Fuko akaitwa barazani. Akajipaka mafuta, akachana manyoya, akaenda mbio. Wanyama wote wamekaa.

"Huyu hana cheti," akasema Kiboko. "Kesho arudi kwao, na watoto wake."

Fuko akasogea mbele. "Jumbe, si mimi niliyekutoa shimoni?"

"Umenitoa, ahsante sana. Wema ni wema, sheria ni sheria. Nikimpa cheti kila anayenitoa shimoni, wageni wote watakuja kunichimbia mashimo!"

"Lakini uliahidi, Jumbe," akasema Kanga.

"Niliahidi nikiwa shimoni. Shimoni si ofisini!"

Fuko akawakumbuka wanawe na macho yao yaliyofumba, akawakumbuka siafu. Akakuna pua.

"Nimekubali, Jumbe. Ila naomba iandikwe vizuri, isije ikaleta maneno. Mimi sina cheti, kwa hiyo kisheria sikuwepo hapa."

"Kabisa! Karani, andika!"

Karani alikuwa Korongo, ndege anayependa muhuri wake kuliko samaki. Akaandika: *Fuko hayupo nchini, hajawahi kuwepo, na lolote alilofanya halikufanyika.* Akapiga muhuri. Ndii!

Fuko akaanguka chini. "Uwiii! Jumbe wetu! Uwiii! Ametuacha!"

"Unalia nini wewe?" akafoka Kiboko.

"Nani alikutoa shimoni?"

"Si ni wewe!"

"Mimi sikuwepo. Karani, soma." Korongo akasoma. "Basi Jumbe hakutolewa. Yumo shimoni mpaka sasa, siku ya nne hii, bila tone la maji. Poleni wafiwa."

Mara Kanga, ambaye njaa ilimfungua akili, akajishika kichwa. "Uwiii! Matanga!"

Desturi ya nchi hiyo, mtu akifa hufunguliwa ghala lake, na waombolezaji hula mpaka matanga yaanuliwe. Basi walilia! Wanalia wanakula, wanakula wanalia. Kra! kra! kra! maboga yakavunjwa.

"Mimi huyu hapa!" Kiboko anapiga kelele. "Mzima! Karani, futa!"

"Kufuta kunahitaji amri ya Jumbe," akasema Korongo, "naye ni marehemu."

Kiboko akakimbilia nyumbani. Mkewe, Bi Mashavu, amejifunika kaniki, amefunga mlango.

"Nani?"

"Mumeo!"

"Ondoka! Mjane niko edani, mwanamume haingii humu!"

Na sauti yake, wanasema waliokuwepo, haikuwa na huzuni nyingi.

Siku ya tatu ya matanga ndugu yake Kiboko akawasili kutoka upande wa chini wa mto. Akatoa pole, akala boga la mwisho, akakitazama kiti cha Jumbe, akakikalia kujaribu. Kikamwenea. Kiboko kuona vile, na siku tatu hajatia kitu mdomoni, mbio hadi nyumbani kwa Fuko, mdomo kwenye tundu.

"Fuko! Ndugu yangu Fuko!"

"Hayupo," akajibu Fuko.

"Nakusikia!"

"Unasikiaje na wewe umekufa? Jumbe, sikiliza. Kama nilikuwepo, wewe u mzima. Kama sikuwepo, wewe marehemu. Chagua."

Korongo akaitwa. Akakwama. "Marehemu hatoi cheti. Na bila cheti cha Fuko, marehemu hafufuki. Tuanze na kipi?"

"Shikeni muhuri nyote wawili," akasema Fuko, "mpige kwa pamoja, cheti kitoke na Jumbe afufuke papo hapo. Na kiwe cha mimi, mke wangu na watoto wanne."

"Watoto nao?"

"Wakirudishwa ng'ambo nitawafuata, Jumbe. Nikiwafuata, nitakuwa sikuwepo tena."

"Andika na watoto!"

"Sababu ya kupewa cheti?" akauliza Korongo. "Niandike alimtoa mtu shimoni?"

"Thubutu!" akaruka Kiboko. "Watasema wema unatoa vyeti! Andika: *amepewa ili Jumbe awe hai.*"

Ndii!

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwanogea, ibebeni, ikiwachachia, nirudishieni.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: sheria haiyumbishwi na wema. Jumbe mwenyewe anaapa hivyo mpaka leo, nami simbishii. Sheria haikuyumba hata kidogo. Aliyeyumba ni Jumbe, kwa njaa.