Mpira wa Dirisha la Bi Sikudhani

Bi Sikudhani alilowa chapachapa kwa mvua ndani ya gari lake kuukuu, kisa mpira wa dirisha aliouziwa juzi na Mzee Badi, tajiri wa spea. Akaenda dukani kutaka abadilishiwe.

“Ule ni mpira halisi,” Mzee Badi alisema. “Hata tone halipiti. Sibadilishi.”

“Haya, mzee wangu, yaishe. Lakini mbona umependeza hivyo?”

Mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe pe na kofia ya viua. “Nakwenda kumposea mwanangu.”

“Kwa miguu, na matope haya? Panda nikufikishe.”

Mzee Badi, mpenda vya bure, akapanda na kukaa kwenye dirisha lile lile la mpira wake. Hawakufika mbali, Bi Sikudhani akaegesha kwa waosha magari.

“Tunafanya nini hapa?”

“Tutafikaje ukweni na gari chafu? Pandisha kioo utulie. Si hata tone halipiti?” Kisha akawaambia waoshaji, “Anzeni upande wa mzee. Fungulieni maji yote!”

Bomba lilipoelekezwa dirishani, Mzee Badi alishika kofia kwa mikono miwili.

“Ngojeni!” alipiga kelele. “Bi Sikudhani, turudi dukani. Ule halisi uko chini ya kaunta.”