Jozi Moja ya Wodi ya Wazazi

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Mwalimu Ambakisye ni kwamba mkewe, Subilaga, alirudi kutoka kazini jioni, akaketi kwenye kigoda cha jikoni na kumnyooshea miguu. Mwalimu akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kama alivyozoea. Subilaga alivitazama viatu vile, akacheka.

"Siku nikistaafu," alisema, "hivi viende wodini kwa wenzangu. Usije ukampa dada yangu avivalie kanisani."

Mwalimu akamjibu asiwe na wasiwasi, maana dada mtu hawezi kusimama mbele ya mchungaji na viatu vya kiume. Wakala, wakalala. Alfajiri Subilaga hakuamka.

Lakini jamani, hadithi yetu si ya msiba. Ni ya viatu. Sikilizeni vizuri jinsi vilivyopatikana, kwa sababu mwishoni kuna kazi yenu.

Subilaga alikuwa mkunga katika hospitali ya wilaya, huko milimani ambako mvua haikatiki. Kazi ya wodi ya wazazi ni ya kusimama, na sakafu yake haikauki. Raba za kitambaa zinanyonya maji, ndala zinateleza, na muuguzi mfawidhi, msimamizi wa wodi, alitaka kiatu kilichofunika mguu na kinachofutika. Mguu wa Subilaga ulikuwa mpana mbele. Ikifika alasiri ulimpwita mpaka akawa anaegemea kitanda cha mgonjwa. Mfawidhi, kwa nia njema kabisa, akaanza kusema kwamba mwezi ukiisha atamhamishia mapokezi akaandike kadi. Kwa Subilaga, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa aache kazi.

Wenzake watatu wa zamu moja wakakataa aondoke. Walikuwa Tumpe, Atuganile na Sekela. Tumpe alijaliwa kuuliza jambo ambalo wengine walishalizoea. Atuganile alijaliwa jicho na mkono. Sekela alijaliwa kuvumilia.

Alianza Tumpe. Wauguzi wote walinunua viatu kwa Lusekelo, muuza mitumba, tena alfajiri, belo linapofunguliwa, kabla vizuri havijagombaniwa. Asubuhi kiatu kiliwakaa, alasiri kiliwabana, na kila mmoja alilaumu kiatu, kwamba kimesinyaa kwa maji. Tumpe peke yake ndiye aliyeuliza kama ni kiatu kinachosinyaa au ni mguu unaokua. Akachukua kipande cha bandeji, akauzungushia mguu wa Subilaga walipoingia zamu, akakikata pale pale ncha zilipokutana. Jioni akauzungushia tena. Ncha hazikukutana. Tumpe akacheka peke yake: kutwa wanapima matumbo ya watu, na miguu yao wenyewe hawaijui. Akaenda kumwambia Lusekelo asiuze viatu vya namba yao mpaka zamu itoke.

"Sista, kiatu kizuri hakisubiri jioni," Lusekelo akamwambia. "Hicho kina miguu."

Tumpe akamkumbusha ni nani aliyempokea mtoto wake wa kwanza, umeme ukiwa umekatika. Viatu vikasubiri.

Akafuata Atuganile. Jioni alikwenda na Subilaga, miguu ikiwa imevimba kama inavyovimba. Wakapekua viatu vya kike vyote, wasipate kipana. Lusekelo alipoanza kufunga turubai, Atuganile akavuka upande wa pili.

"Dada, huko ni kwa mabwana," Lusekelo alisema.

"Na mguu wenyewe ni wa bwana. Hebu uangalie," Atuganile akajibu, na Subilaga mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Atuganile alikunja kila kiatu. Kilichokunjika katikati ya unyayo alikitupa, kilichokunjika kwenye vidole alikiweka kando. Alibonyeza visigino. Alilowesha ngazi ya duka la jirani na kusugua soli moja moja juu yake. Lusekelo alimuuliza kama anachagua viatu au ananyonyoa kuku. Mwishowe akaibuka na jozi nyeusi ya ngozi, pana, soli yake nene na laini, ambayo haikuteleza. Kasoro ilikuwa moja tu: ngozi ilikuwa imekauka, ngumu kama dumu.

Hapo akaingia Sekela. Subilaga asingeweza kulainisha viatu vile kazini. Malengelenge mawili tu, na mfawidhi angemwandikia uhamisho siku hiyo hiyo. Wanne wote walivaa namba moja, kwa hiyo Sekela akasema, "Leteni." Akavipaka mafuta ya mgando, akavaa soksi nene za kuchezea mpira za mumewe, akaingia navyo zamu. Alitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Alichechemea mpaka mama mmoja, katikati ya uchungu wake, akamwambia pole sista. Ngozi ilipokubali, akavifuta na kumkabidhi Subilaga.

"Chukua. Vimeshaniuma mimi, kwako havina tena jipya."

Subilaga akavaa, akasimama. Alisimama asubuhi, akasimama alasiri, hakuegemea kitanda. Habari ya kadi ikasahaulika, na akina mama wakaendelea kumwita kwa jina, mpaka alfajiri ile niliyowaambia.

Arobaini ilipopita, ndugu walikutana kugawa nguo za marehemu. Mwalimu aliwaeleza maneno ya mkewe, viatu vikawekwa kando, na wauguzi watatu wakaitwa. Wote watatu miguu iliwasumbua kama ilivyomsumbua Subilaga, na wote siku hizi waliegemea vitanda. Kupokezana hakukuwezekana, kwa sababu walikuwa zamu moja. Lusekelo alishafungua mabelo mengi tangu wakati ule, akitafuta jozi kama ile, asiione.

Walianza kwa adabu, kila mmoja akisema hakuja kudai. Kisha wakadai.

"Shemeji, bila mimi angenunua viatu vya asubuhi kama sisi wote," Tumpe alisema. "Vingembana, angeondoka."

Atuganile akasema kwamba kipimo hakivaliwi. "Mguu tuliujua, sawa. Nani aliyevishika na kusema ni hivi?"

Sekela hakusema mengi. Alisema ngozi ile ililainika kwa mguu wake, na kwamba ukucha ulioota badala ya ule umeota upande.

Dada wa marehemu, aliyekuwa akikunja vitenge, alisema wavikate basi, kila mtu aondoke na kisigino chake. Watu wakacheka kidogo. Mwalimu akaomba apewe mpaka kesho.

Mwalimu Ambakisye alisomea jiografia chuo kikuu, na alizoea jambo likimshinda kuligawa vipande. Aliwaondoa mmoja mmoja kichwani. Ukimwondoa Tumpe, viatu vinabana. Ukimwondoa Atuganile, viatu havipo. Ukimwondoa Sekela, viatu vipo na hakuna awezaye kuvivaa. Akajaribu njia nyingine, akauliza nani alipoteza zaidi. Hiyo ilimpeleka kwa Sekela. Akauliza ni ugunduzi wa nani unaowafaa wauguzi wote mpaka leo, ikampeleka kwa Tumpe. Akauliza ni kazi ya nani ambayo mwingine asingeiweza hata kwa kufundishwa, jibu likawa Atuganile. Alishangaa kwamba kila swali lilikuwa la haki, na kila swali lilikuwa na mtu wake.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Tangu Subilaga aondoke, jioni mikono yake haikuwa na kazi, na mara nyingine alifungua kamba za viatu vile na kuzifunga tena.

Kesho yake asubuhi alivifuta kwa kitambaa chenye maji, akavikausha, akatembea navyo mkononi hadi hospitali, bila mfuko. Aliwakuta Tumpe, Atuganile na Sekela mlangoni mwa wodi, wakisubiri kupokea zamu. Wakamwamkia, akaitikia. Ndani mama mmoja alikuwa akiita sista, sista, na yeyote ambaye angemwendea asingeketi tena mpaka jioni. Mwalimu akavitazama viatu, akawatazama wao mmoja baada ya mwingine, kisha akanyoosha mikono na kumkabidhi mmoja wao.

Wenzake wawili hawakununa. Walisema ameamua vema, wakaingia kazini.

Mimi najua alimpa nani, na sisemi. Wewe unayesikiliza, ungesimama mlangoni pale na viatu vile mikononi, ungempa yupi? Na wale wawili ungewaambia nini?