Makopa Yaliyowafunika Mashangazi

Haya, sogeeni niwape la Muheza, mnikatie shauri nyinyi, maana sisi limetushinda.

Kuna binamu watatu wanapiga video za harusi. Mwantumu ndiye wa kamera. Ana jicho yule, hata ujifiche nyuma ya sufuria la pilau anakupata! Kibibi ndiye wa sauti, ngoma ikienda kombo anajua kabla ya mpigaji. Hemedi ndiye wa kompyuta, anaunga vipande. Hodari, ila madoido! Kila kipande kikiisha lazima yaruke maua, au makopa yale ya mapenzi, au picha igeuke kama chapati.

Ikaja harusi ya binamu yao Nuru. Mashangazi wa bwana harusi wakaingia wanacheza, wanakwenda kumtunza Nuru kanga. Wako katikati ya ukumbi, betri ya kamera ikafa. Mwantumu kuja kuweka nyingine, wale wameshafika.

Hemedi akaliona lile pengo. Akafanya nini? Akamwaga makopa mekundu skrini nzima! Yakiisha kuruka, Nuru huyo kafunikwa kanga mpaka shingoni, na mashangazi hujui wametokea wapi.

Mkwe wa Nuru, Bi Zaina, kaitazama video na ukoo wake wote sebuleni. Akazima televisheni, akampigia mama Nuru.

"Watu wangu walicheza mpaka viatu vikakatika, nyie mmewafunika makopa! Hawafai kuonekana?"

"Dada, si hivyo, betri ilizima..."

"Betri yenu inajua kuchagua ukoo wa kuzimikia?"

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini Nuru hakucheka. Mkwe hamsemeshi, na akipika chakula hakiguswi. "Mama, nitakaa vipi humu ndani?"

Basi wale watatu wakarudi kazini.

Mwantumu akatoa chake. Kumbe betri inakufa, shangazi mmoja alikuwa kapeperusha kanga ikaziba kamera yote. Alipoweka betri mpya akamwambia yule yule, "Shangazi, hebu nizibe tena." Kwa hiyo kipande cha kwanza kinaishia kwenye kanga, cha pili kinaanzia kwenye kanga hiyo hiyo. Hemedi alikuwa kazikata picha zote mbili za kanga, akidhani zimeharibika!

Kibibi akatoa chake. Simu yake ilikaa karibu na ngoma ikirekodi tangu mwanzo, haikuzimwa. Wimbo mzima upo. Bila huo, macho yangedanganyika, masikio yangeshtuka.

Hemedi akafuta makopa, roho inamuuma. Akaunga kanga kwa kanga, akatandika wimbo wa Kibibi juu ya vyote, akavuta mbele, akarudisha nyuma, mpaka mguu wa shangazi ukatua pale pale ngoma inapolia. Ukitazama, wanatoka mlangoni mpaka kwa Nuru mfululizo, hujui palipokatika.

Bi Zaina akatazama. Akairudisha, akatazama tena. Kigelegele alichopiga! Akamwita Nuru wakae kochi moja.

"Aliyeiunga hii ndiye atakayepiga video ya harusi ya mwanangu wa pili, na jina lake liandikwe mwanzo kabisa. Jina moja tu, sitaki msururu kama tangazo la msiba."

Hapo ndipo ndugu wakaanza kutazamana vibaya.

"Pa kuungia nilipatengeneza mimi," Mwantumu akasema.

"Na betri ilifia mikononi mwa nani?" Hemedi akamrukia.

"Makopa je, alimwaga nani?"

Kibibi akacheka. "Mimi peke yangu sikukosea."

"Utakosea wapi, wakati simu yako ilikuwa imelala mezani!" Hemedi akamdakia.

Wote watatu wamempigia Nuru, kila mmoja na lake. Na Bi Zaina naye kasema, "Mwanangu, hao ni wa kwenu, unawajua wewe. Nitajie jina."

Haya, ungekuwa wewe ndiye Nuru, umekaa kwenye hilo kochi, mkweo anakutazama mdomoni: ungemtaja nani?