Pimbi Anatafuta Kifungio

Wewe uliyekaa karibu na mlango, ndiyo, wewe unayechokonoa meno: baba yako alijua kazi gani, na wewe ulijifunza nini kwake?

Utanijibu baadaye. Basi tuendelee.

Natia mguu!

— Tia!

Njiani kuna nini?

— Kuna wawili!

Mkubwa ana nini?

— Ana tumbo!

Mdogo ana nini?

— Ana lake moyoni!

Haya. Nchi ya wanyama ilikuwa na desturi moja. Kila nyumba ilikuwa na wimbo wake wa zeze. Mwenye nyumba akifa, siku ya arobaini mtoto wake huupiga wimbo huo kwa mkono wake mwenyewe, tangu mwanzo hadi kifungio, yaani zile sauti chache za mwisho zinazoufunga. Ukipigwa wote, marehemu hutajwa jina daima. Ukiishia njiani, jina lake halitajwi tena, na hata mjukuu hapewi.

Mzee Machenje, baba yake Pimbi, akafa. Machenje alikuwa fundi ambaye hata nyani walinyamaza kumsikiliza, na nyani mnawajua. Aliacha zeze moja na binti mmoja. Na binti huyo hakujua kupiga hata kopo.

"Mtoto wa Machenje hajui zeze?" majirani wakashangaa.

"Baba hakupata nafasi ya kunifundisha," Pimbi akajibu. Akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari kabla ya swali.

Akabeba zeze, akaenda kutafuta mwalimu.

Akaenda kwa Kasuku. Kasuku alikuwa ametundika majani makavu mlangoni, jani moja kwa kila mahali aliposoma, na yalikuwa mengi kiasi kwamba mlango wenyewe hauonekani.

"Ndugu mwanafunzi," Kasuku akasema, "mbona hukujifunza nyumbani?"

"Baba hakupata nafasi."

"Sawa. Kabla ya kupiga zeze, lazima tujiulize: zeze ni nini?"

"Ni hili hapa, mwalimu."

"Hapana! Hilo ni umbo. Mimi nauliza zeze!"

Siku ya kwanza wakajiuliza. Siku ya pili wakajiuliza. Siku ya tisa wakajiuliza kama walikuwa wamejiuliza vizuri. Siku ya kumi Pimbi akasema, "Mwalimu, piga wewe basi, nisikie." Kasuku akakohoa. Akasema ukucha unamuuma. Pimbi akachukua zeze lake, tepe-tepe-tepe, akashuka mtini.

Akaenda kwa Kobe.

"Mbona hukujifunza nyumbani, mwanangu?"

"Baba hakupata nafasi."

"Kaa. Nyoosha mgongo."

"Umenyooka, babu."

"Huo? Mgongo ni huu," akasema Kobe, akagonga gamba lake, ko-ko-ko. "Mimi mwalimu wangu alinikalisha miaka kumi na miwili kabla sijagusa uzi."

"Mimi nimebakiwa na siku thelathini, babu."

"Basi kaa upesi."

Akakaa. Siku ya kwanza akakaa. Siku ya pili akakaa. Siku ya kumi mgongo ulikuwa umenyooka kama mwiko, na vidole bado havijui kitu. Tepe-tepe-tepe, akaondoka.

Ndipo shangazi yake, Bi Somoe, akamwambia, "Nenda kwa Fisi."

"Fisi, shangazi?"

"Fisi. Ndiye pekee anayeujua wimbo wetu. Alijifunza kwa baba yako."

Neno hilo lilimchoma Pimbi mahali ambapo hakumwonyesha mtu.

Sasa, sipendi kumsingizia mtu, hata akiwa fisi. Fisi alijua kufundisha. Hakuhutubia, hakukalisha. Alishika vidole vya Pimbi, akaviweka kwenye nyuzi. "Piga. Sikiliza. Umesikia ulipokosea? Piga tena." Ndi-ndi-ndiii. Siku ya kwanza Pimbi alitoka na mstari mmoja mzima. Alilia njiani, maana ulikuwa mstari wa baba yake, na ulitoka mkononi mwake.

Lakini mlangoni kwa Fisi palikuwa na sharti: kila somo na chungu cha nyama. Bila chungu, hakuna somo. Pimbi anakula majani, nyama ataitoa wapi? Akawa anaokoteza kwenye mabaki ya Simba, roho mkononi, huku Simba mwenyewe akikoroma hatua tatu pembeni.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo mlangoni halikutajwa. Uani kwa Fisi walikaa wanafunzi wengine. Ngiri alikuwa na mvi.

"Kaka Ngiri, wewe uko mwaka wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Wimbo wenu ni mrefu hivyo?"

"Mfupi tu. Arobaini ya baba ilinipita, na bado nimebakiza kifungio."

"Na Dada Kanga?"

"Kifungio," akasema Kanga, akaangalia chini.

Fisi alizijua nyimbo za nyumba zote, kwa sababu hakuna matanga aliyokosa kula. Alifundisha kila wimbo vizuri, akafika ukingoni, akaacha. "Bado hujakomaa," alikuwa akisema. "Kesho. Na chungu."

Siku ya thelathini na sita Pimbi akawa ameumaliza wimbo wote, isipokuwa ukingo.

"Mwalimu, nipe kifungio."

"Bado hujakomaa."

"Mwalimu, arobaini imekaribia. Jina la baba litapotea."

"Hihihi! Binti, nikikupa kifungio, chungu ataleta nani?"

Fisi akatafuna, kacha-kacha, halafu akasema, bila kuulizwa, "Miaka saba nilikaa mbele ya baba yako. Mimi hakunidai hata mfupa. Ila alikuwa na tabia moja. Kila tukianza, alitazama njia nyuma yangu. Nikadhani anaogopa mvua."

Pimbi alikaza nyuzi ambazo hazikulegea. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya thelathini na tisa akarudi na chungu kikubwa kuliko vyote. Fisi akatumbukiza mdomo.

"Mwalimu, leo nimekuja kukuaga. Kifungio nimekipata kwa Kobe."

Mfupa ukamkwama Fisi kooni. "Kobe? Kobe hajawahi kugusa zeze!"

"Lakini amekaa sana. Sikiliza, mwalimu. Maana kesho watu wote watauliza nimefundishwa na nani, nami nitasema: wimbo mzima, na Mwalimu Fisi."

Akapiga. Ndi-ndi-ndiii, ndi-ndi-ndiii, ndiri-ndiri-ndiii… BWE!

Masikio ya Fisi yakalala. "Sivyo."

"Labda nimekosea. Tena." Ndi-ndi-ndiii, ndi-ndi-ndiii, ndiri-ndiri-ndiii… BWE-BWE!

"Sivyo, nakwambia! Acha nile!"

"Kula tu, mwalimu." Ndi-ndi-ndiii, ndi-ndi-ndiii, ndiri-ndiri-ndiii… BWE-BWE-BWAAA!

"Lete hapa!" Fisi akatupa mfupa, akanyakua zeze. "Mzee wa watu unamtukana namna hii! Ni hivi!"

Ndi… ndi… ndo. Ndo.

Sauti nne. Akazipiga amefumba macho, taratibu, kama Machenje mwenyewe. Alipofumbua, Pimbi alikuwa ameshika hewa kwa vidole, anazipiga zile nne.

"Asante, mwalimu," akasema.

Fisi akatazama chungu. Akatazama uani. Ngiri alikuwa amesimama, na tabasamu la miaka tisa lilikuwa linamjia polepole. Akachukua zeze lake, akapiga wimbo wa kwao hadi ukingoni, kisha akaongeza kwa nguvu zote: BWE!

Na Kanga naye: BWE!

Hadithi yangu imekwisha. Fundisho lake: usihangaike kujifunza kwa wazazi wako wakiwa hai. Subiri wafe, kisha tafuta fisi, umdanganye. Utafika mahali palepale.

Natoa mguu!

—

Natoa mguu, nasema! Mbona hamjibu "toa"?

— Na arobaini?

Mnataka arobaini. Mngeniacha nikalale.

Haya. Asubuhi ya arobaini wakaja wote. Fisi naye alikuja, akasimama karibu na vyungu, ila hakula. Pimbi akakaa kwenye jiwe la baba yake. Akapiga. Ndi-ndi-ndiii. Akapiga mstari wa kwanza, akapiga wa pili, akafika ukingoni. Ndi… ndi… ndo. Ndo. Nyani wakanyamaza.

Jina la Mzee Machenje likaokolewa. Bi Somoe akalitaja kwa sauti, wote wakalitaja. Akina mama wakavuta pumzi wapige vigelegele. Kilichobaki kilikuwa swali moja la heshima, ambalo huulizwa kila arobaini, na jibu lake kila mtu analijua.

"Mwanangu," akauliza Bi Somoe, "nani amekufundisha?"

Jibu ni "Baba." Neno moja, kisha vigelegele, kisha chakula. Pimbi akafungua mdomo. Akatazama zeze. Akaufunga.

"Sema, mwanangu. Wageni wana njaa."

"Fisi," Pimbi akasema.

Watu wakaguna. Bi Somoe akainama, akamnong'oneza, "Eleza basi kwamba marehemu hakupata nafasi."

"Alikuwa nayo, shangazi."

"Pimbi."

"Alikuwa nayo kila siku. Jioni ya mwisho, kabla hajaanguka akafa, alitoka kunitafuta na zeze mkononi. Aliniita mara tatu. Nilikuwa nyuma ya jiwe hilihili, naiona miguu yake. Nikabana pumzi mpaka akarudi ndani."